Je, Siasa Inaongeza au Kupunguza Siku za Kuishi?

Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya malaria na lishe ya watoto tuliyoyazoea katika ukurasa huu. Sababu yake ni swali tuliloulizwa baada ya mkutano wa jumuiya, katika kigango kimoja cha mashambani hapa kwetu Dodoma. Baba mmoja alitueleza kwamba mdogo wake amemkataza mkewe kumpokea mhudumu wa afya wa kitongoji chao. Mhudumu huyo ni dada wa hapohapo kijijini, lakini wakati wa kampeni za uchaguzi alionekana amevaa kanga ya chama ambacho mdogo mtu hakipendi hata kukisikia. "Basi tangu siku hiyo," alisema yule baba, "mtoto hajapimwa uzito, na kadi yake ya kliniki imefungiwa sandukuni." Kisha akatuuliza: "Hivi siasa inaweza kumfupishia mtu maisha?"

Waliokuwa pale walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa maana jibu la swali hilo ni ndiyo. Tena hakuna haja ya kwenda mbali kulitafuta. Nchi yetu hii kavu ya katikati, tangu Manyoni hadi Kongwa na Mpwapwa, imeonja siasa za namna nyingi, na kila moja imeacha alama yake katika miili ya watu.

Kwanza tuelewane. Hatukusudii kusema chama kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Kwa kazi hiyo wapo wenyewe. Tunaposema imani ya siasa tuna maana ya yale mtu anayoyaamini juu ya namna watu wanavyopaswa kuishi pamoja na kutawaliwa: ardhi iwe ya nani, gharama ya dawa ilipwe na nani, na neno la nani lisikilizwe. Imani ya namna hiyo haimezwi kama kidonge. Hata hivyo inaufikia mwili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni maamuzi ya wenye madaraka, kama vile kisima kichimbwe wapi, zahanati ijengwe wapi, mganga alipwe na nani. Njia ya pili ni sisi wenyewe: tunapopewa habari ya afya, tunaipokea au kuikataa kwa kutazama ni nani aliyeileta. Mdogo mtu yule yuko katika njia hii ya pili.

Njaa iliyoletwa na vita

Wazee wa Ugogo walikuwa wakihesabu miaka kwa majina ya njaa. Iliyo maarufu kuliko zote ni Mtunya, ya miaka ya 1918 hadi 1920. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma watu wapatao 30,000 walikufa, kati ya watu 150,000. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila watu watano.

Ukame ulikuwapo, ni kweli. Lakini ukame katika Ugogo si mgeni, na kila ukame hauui mtu mmoja kati ya watano. Kilichozidi safari ile ni Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka na ng'ombe, na vijana wakakamatwa kuwa wapagazi. Mvua ilipokataa, ghala lilikuwa limekwisha kuwa tupu na waliobaki nyumbani hawakuwa na nguvu ya kulima. Juu ya hayo ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918 iliyoizunguka dunia nzima. Wagogo hawakuulizwa kama wanapenda vita hivyo wala hawakujua vilianzia wapi. Waliamua watu wa Ulaya, wakafa watu wa hapa.

Huo ni mfano wa wazi, na kwa kuwa ni wa wazi hauna mjadala mwingi. Mgumu zaidi ni ule wa siasa iliyokuja na nia njema.

Operesheni Dodoma

Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari 1967. Ndani yake mlikuwa na imani kubwa: kwamba watu ni sawa, kwamba utajiri wa nchi ni wa wote, na kwamba maendeleo yaanzie vijijini. Miaka michache baadaye imani hiyo ilikuja Dodoma ikiwa na malori. Mkoa wetu ulichaguliwa kuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza ambako wananchi wote wangehamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kazi hiyo iliitwa Operesheni Dodoma. Mwaka 1971 Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino na kushiriki kazi pamoja na wanakijiji. Wako wazee wanaolikumbuka jambo hilo hata leo, na wanalisimulia kwa heshima.

Fikirini jinsi watu walivyokuwa wakiishi kabla ya hapo. Familia ya Kigogo ilikaa katika tembe lake, na tembe la jirani lilikuwa mbali kiasi cha ng'ombe kupata malisho katikati. Maji yalifukuliwa katika mchanga wa makorongo. Mganga wa serikali aliyetaka kuchanja watoto mia moja angetembea wiki nzima. Kwa hiyo hoja ya kuwakusanya watu haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Zahanati haiwezi kujengwa katika kila korongo, na shule vilevile.

Kwa upande wa huduma, nchi ilifanya mambo makubwa. Mwaka 1961 tulipopata uhuru, vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 tu katika Tanganyika yote. Kufikia mwaka 1980 vilikuwa vimezidi 200. Zahanati nazo, ambazo wakati wa uhuru hazikufika 1,000, zilikuwa zimepita 2,500. Mama wa kijijini aliyezoea kujifungulia nyumbani kwa msaada wa bibi yake, sasa alikuwa na mahali pa kwenda mimba ikimsumbua.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana mwili hausomi maazimio. Watu walipokusanywa haraka, vijiji vingine viliwekwa mahali ambapo maji hayakutosha idadi ile ya watu. Ng'ombe waliokuwa wametawanyika sasa walilala karibu na nyumba nyingi kwa pamoja, na palipo na samadi pana nzi. Kuni zilizokuwa nyuma ya nyumba zikawa za kufuatwa mbali, na mwenye kuzifuata ni mama. Surua inayoingia katika tembe la peke yake huishia pale; ikiingia katika kijiji cha nyumba mia tatu inasambaa kabla mganga hajapata habari. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kwa nchi nzima kuishi vijijini ni amri, na katika miaka ya 1974 na 1975 mvua ikawa haba, mashamba mapya yakiwa hayajazoeleka, hata nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Kuanzia mwaka 1977 kipindupindu kikawa mgeni wa kila mara nchini, na ugonjwa huo hupenda mahali palipo na watu wengi na vyoo vichache.

Je, tuseme basi ujamaa ulirefusha maisha au uliyafupisha? Wanaopenda siasa ile hutaja zahanati, na wasioipenda hutaja nyumba zilizochomwa. Sisi tunaona wote wawili wanasema kweli, na kosa lao ni kutaka ukweli mmoja uufute mwingine. Mambo hayo yalitokea katika kijiji kimoja, pengine katika nyumba moja.

Takwimu zinasaidia kidogo, ila lazima tujue kuzisoma. Kwa sensa ya mwaka 1978 wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa miaka 44, na kwa sensa ya mwaka 1988 ulikuwa miaka 50. Wasomaji wengine huuliza: "Mbona babu yangu alifika miaka 80?" Wastani wa miaka 44 hauna maana kwamba watu walifikisha miaka 44 wakafa. Kama watoto wawili wamezaliwa, mmoja akafa siku ya kwanza na mwenzake akaishi miaka 88, wastani wao ni 44. Mwaka 1978 watoto wapatao 231 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Vifo hivyo vya watoto ndivyo hasa vilivyoshusha wastani. Kwa hiyo ukitaka kujua kama siasa fulani inarefusha maisha, usiwatazame wazee wanaoota jua. Hesabu makaburi madogo.

Mtu ni Afya

Tunafika sasa kwenye sehemu ya historia hii tunayoipenda kuliko zote, na mtusamehe tukikaa hapo kidogo.

Nchi ilikuwa na desturi ya kampeni za elimu kwa redio. Mwaka 1970 ilikuwapo moja juu ya uchaguzi, na mwaka 1971 Wakati wa Furaha, kwa ajili ya miaka kumi ya uhuru. Mwaka 1973 zamu ilikuwa ya afya, na jina lake likawa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio moja. Kiongozi wa kikundi alikuwa na kitabu, akasoma. Watu wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, wakakubaliana cha kufanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Walijifunza juu ya malaria, kuhara damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Baada ya maneno walishika majembe. Walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba, walifukia madimbwi, walichemsha maji.

Kilichofanya jambo hilo liwezekane ni siasa. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kukusanyika kwa ajili ya chama, balozi wa nyumba kumi alikuwa anajulikana kila mahali, na wengi waliamini kabisa kwamba kuchimba choo ni sehemu ya kujenga taifa. Mganga akisema "chimbeni choo" ni ushauri. Jirani zako wote wakichimba siku moja huku wakiimba, hutaki kuwa wewe uliyebaki nyumbani. Imani ya pamoja ina nguvu hiyo, na dawa ya dukani haina.

Udhaifu wake nao ulitoka palepale. Mahali ambapo watu walichimba kwa kuelewa, choo kilipojaa au kuanguka walichimba kingine. Walipochimba kwa kuogopa faini tu, choo kilibaki cha kuonyeshwa kwa Bwana Afya. Ardhi ya mchanga ya Dodoma haimsamehi mtu anayechimba shimo bila kulijengea, na mchwa hawamsamehi anayeweka miti ya hovyo juu yake. Masika moja, kwisha. Si ajabu basi kwamba miaka zaidi ya arobaini baadaye, mwaka 2017, Wizara ya Afya iliona haja ya kuanzisha kampeni nyingine, safari hii kwa jina la Nyumba ni Choo.

Kongwa wanatupa somo linalofanana na hilo. Ugonjwa wa macho wa trakoma, ambao wengi huuita vikope, umewapofusha watu wengi katika mkoa wetu. Unaanza utotoni kwa macho machafu na nzi. Ukirudiarudia miaka mingi kope hujikunja ndani na kukwaruza mboni, hata mama wa miaka hamsini akawa wa kushikwa mkono. Siasa ilikuwa imeahidi maji karibu, na maji karibu ni jambo jema. Lakini watafiti waliofanya kazi Kongwa waliona kwamba umbali wa kisima si jambo lote. Katika nyumba nyingi wazazi waliamini kuosha uso wa mtoto kunamaliza maji mengi, na ndoo iliyoletwa kwa taabu ilikuwa na mwenye kuamua itumikeje. Walipoonyeshwa kwa macho yao nyuso za watoto wengi zikioshwa kwa maji kidogo tu ya kibuyu, na baba wakashirikishwa katika mazungumzo, mambo yakabadilika. Utafiti uliotolewa mwaka 1995 ulionyesha kwamba katika vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso, baada ya watu kupakwa dawa ya macho, trakoma kali ilipungua kuliko katika vijiji vilivyopewa dawa peke yake. Unaweza kuiita hiyo siasa ya nyumbani: nani anaamua juu ya ndoo moja ya maji.

Siasa zilipogeuka

Miaka ya themanini ilikuwa migumu na dawa ziliadimika. Imani ya siasa nayo ikageuka. Mwaka 1977 sheria ilikuwa imezuia watu binafsi kufanya biashara ya matibabu, isipokuwa hospitali za mashirika ya dini na wengine wasiotafuta faida. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Watoto chini ya miaka mitano na mama wajawazito waliwekwa katika kundi la kusamehewa, ingawa katika karatasi kusamehewa ni rahisi kuliko mbele ya dirisha la dawa.

Wakati huohuo UKIMWI ulikuwa umeingia kila wilaya. Ndiyo maana sensa ya mwaka 2002 ilitoa wastani wa miaka 51: mwaka mmoja tu umeongezeka katika miaka 14. Msiseme haraka kwamba ni uchangiaji uliofanya hivyo, wala kwamba ni UKIMWI peke yake. Vyote vilipita mlango mmoja. Baada ya dawa za kurefusha maisha kuanza kutolewa bure kuanzia mwaka 2004, chanjo kuenea na vyandarua kugawiwa, wastani ulipanda hadi miaka 61 katika sensa ya mwaka 2012. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano, ambavyo mwaka 1999 vilikuwa 147 kwa kila 1,000, vilikuwa vimeshuka hadi 43 katika utafiti wa mwaka 2022. Mwaka 2023 Bunge hapa Dodoma lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na hiyo nayo ni imani ya siasa: kwamba mzima amchangie mgonjwa kabla hajamjua.

Siku za corona

Hapa tunagusa kidonda ambacho hakijapona vizuri, basi tuseme polepole.

Mwezi Mei 2020 serikali ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa corona na vifo 21. Baada ya hapo takwimu hazikutolewa tena kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Mwezi Juni 2020 Rais Magufuli alitangaza kwamba nchi imeshinda ugonjwa huo kwa sala, na mwezi Januari 2021 alitia shaka hadharani juu ya chanjo. Wananchi wengi walimpenda na kumwamini kwa mambo mengine aliyoyafanya, kwa hiyo walimwamini na kwa hili. Katika siku zile barakoa iligeuka kuwa alama. Aliyeivaa sokoni Majengo alitazamwa kana kwamba amevaa fulana ya chama pinzani, na asiyeivaa alionekana mzalendo. Kitambaa hakijui siasa, lakini ndivyo tulivyokipa kazi.

Maaskofu wetu wa TEC walitoa tahadhari mwezi huohuo wa Januari 2021 kwamba ugonjwa upo. Mwanzoni mwa Machi katibu wao mkuu, Padre Charles Kitima, alisema kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, kukiwa na shida za kupumua. Tusomapo hesabu hiyo tunafikiria mabweni ya konventi, meza moja ya chakula, na kikanisa kidogo kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi. Kati ya masista hao walikuwamo wauguzi na walimu ambao maparokia yao hayajapata wa kushika nafasi zao.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote, dozi zaidi ya milioni moja zikiwa zimewasili nchini. Kwa miezi michache serikali iliyokuwa na shaka ikawa serikali inayohimiza. Lakini mioyo ya watu haigeuki kwa tangazo la redio. Wapo waliosema, "Jana mlituambia ni mbaya, leo ni nzuri, kesho mtatuambia nini?" Hatuwalaumu sana waliouliza hivyo. Ni swali la haki, na wenye madaraka walistahili kulijibu kwa uvumilivu zaidi. Ila wako waliokataa si kwa kuuliza, bali kwa kuwa tu aliyeihimiza hakuwa yule waliyempenda. Na wako waliokuwa wameikubali barakoa mapema kwa kuwa tu aliyeikataa hakuwa mtu wao. Hao wa pili walisalimika zaidi, lakini kwa bahati. Hawakufikiri kuliko wenzao.

Tusidhani hayo ni mambo ya nchi maskini. Marekani, watafiti walilinganisha wilaya zilizopigia kura chama cha Democratic na zile zilizopigia chama cha Republican. Matokeo yalitolewa mwaka 2022 katika jarida la madaktari la Uingereza. Kati ya mwaka 2001 na 2019 kiwango cha vifo kilishuka kwa asilimia 22 katika zile za kwanza, na kwa asilimia 11 tu katika zile za pili. Je, kadi ya chama inaua? Hapana. Wilaya hizo zinatofautiana katika mambo mengi: mapato, elimu, umbali wa hospitali, uvutaji wa sigara, na kama jimbo limepanua matibabu kwa maskini au halikufanya hivyo. Baadhi ya mambo hayo huamuliwa na waliochaguliwa, na mengine yalikuwapo kabla ya kura. Mtu asimame hapo asije akafanya kama yule anayemwona jogoo akiwika kila alfajiri, akasema jogoo ndiye anayeleta jua.

Kura za watu wale hazibaki kwao. Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na miradi ya UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwa mojawapo, ikatikisika. Mtu wa mji ambao hatutauona kamwe aliweka alama kwenye karatasi, na mgonjwa wa hapa akaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki katika kopo.

Sasa turudi kwa mdogo mtu

Yule baba alitaka jibu la kupeleka nyumbani, na sisi tulimpa hili.

Kwanza, asimbishie ndugu yake juu ya chama. Mtu akibishiwa chama chake hukikumbatia zaidi, na mtoto anaendelea kukaa bila kupimwa. Amwulize jambo moja tu: mtoto ana uzito gani? Kama baba hajui, hilo ndilo la kuzungumza.

Pili, atenganishe mtu na mzani. Dada yule akivaa kanga ya chama chochote, mzani wake unasoma kilo zilezile, na chanjo inatoka katika chupa ileile waliyochanjwa watoto wa viongozi wa vyama vyote. Hata hivyo tunamwambia na dada mhudumu, kama anasoma ukurasa huu: siku ya kazi ya afya, kanga ya chama ibaki nyumbani. Ana haki ya kuwa na chama chake kama raia mwingine yeyote, lakini mlangoni kwa mtu anakwenda kwa niaba ya watoto wote wa kitongoji. Viongozi wa vijiji nao wasiigeuze siku ya kliniki kuwa mkutano. Tumewahi kuona foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni wakisimamishwa juani kusikiliza hotuba kwanza, ndipo mzani ufunguliwe. Waliopitiwa na hasira siku ile hawakurudi mwezi uliofuata.

Tatu, kama ugomvi ni mgumu kuisha, mama anaweza kwenda moja kwa moja zahanati na kumwona muuguzi. Hahitaji barua ya mtu, wala hakuna atakayemwuliza alipiga kura wapi. Achukue kadi ile iliyofungiwa sandukuni. Kama imepotea au imeliwa na mchwa, aende hivyohivyo, ataandikiwa nyingine. Chanjo ambazo mtoto alipaswa kupata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kama alizikosa, muuguzi atamweleza namna ya kuzifidia; asione aibu kwa kuchelewa.

Yule baba alituambia kwamba mtoto amekwisha kutimiza miezi minane. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa akiwa na miezi tisa, na ya pili akiwa na miezi kumi na minane. Katika zahanati yao siku ya watoto ni Jumanne.